Miche Niliyoing'oa Majoreni

Tope la mikoko lina harufu yake, na aliyekulia Majoreni haisahau. Maji yakipwa, harufu hiyo hupanda hadi majumbani: chumvi, majani yaliyooza, na kitu kingine kama yai lililochemshwa likasahaulika sufuriani. Wageni huziba pua. Sisi tulikuwa hatuisikii kabisa, mpaka twende Ukunda kwa ndugu, tukae siku tatu, turudi. Hapo ndipo ilipotupiga puani tukajua tumefika. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na minazi michache, kisha ukanda wa mikoko, kisha uwanda mpana wa tope uliofunikwa na maji mara mbili kwa siku na kufunuliwa mara mbili. Uwanda huo ndio ninaotaka kuueleza. Nilipokuwa na miaka tisa nilifanya kosa pale, na hadi leo sina hakika kama lilikuwa kosa.

Mwaka ule, mvua za masika zilipokwisha, alikuja Bwana Misitu. Alikuwa na jina lake, lakini kijijini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sare ya kijani na pikipiki, na Kiswahili chake kilikuwa cha harakaharaka, hakina salamu ndefu. Aliwakusanya kina mama uani kwetu, kwa kuwa mama yangu, Bi Mwanakombo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chao. Akawaambia mikoko imekatwa mno kwa ajili ya boriti na kuni, na sasa serikali inataka irudishwe. "Huu msitu ni wa serikali," alisema. Kisha, labda alipoona nyuso zimekunjamana, akaongeza, "Na serikali ni nyinyi wenyewe." Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchicha. Nikawaza: ikiwa msitu ni wa serikali, na serikali ni sisi, basi msitu ni wetu. Mbona basi juma lililopita askari walimnyang'anya mama mzigo wake wa kuni? Jioni nilimwuliza. Akanisogezea mchicha, akasema, "Hayo ni maneno ya wakubwa, Mwanaisha. Malizia mboga."

Walipanda kwa siku nne. Mbegu za mkoko ni ndefu kama kalamu, kijani, zimechongoka upande mmoja, na kupanda kwenyewe ni kuzichomeka tu topeni. Mama aliinama leso ikiwa imefungwa kiunoni, tope limempanda hadi magotini, na nyuma yake mistari ikabaki imenyooka kama mistari ya daftari. Pahala pale palichaguliwa na Bwana Misitu kwa sababu palikuwa wazi. Mama alimwambia kwa adabu kwamba hapo mkoko haukuwahi kuota, hata enzi za mama yake. "Utaota sasa," akajibiwa. Na kweli, baada ya majuma machache miche ilitoa majani mawili mawili. Mama akawa akiamka anakwenda kuitazama kwanza kabla hajawasha moto wa chai. Aliyenung'unika alikuwa jirani yetu, Mzee Bakari, aliyekuwa akikokota mtumbwi wake kupitia uwandani kila maji yalipopwa. "Nami nipite wapi?" aliuliza mbele ya watu wote. "Niruke?"

Kisha akaja Bibi Samaki. Huyu alikuja shuleni kwetu, mama mnene mpole mwenye sare ya buluu, kutoka idara ya uvuvi. Tulimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, wanangu," kwa sauti iliyotufanya tumpende papo hapo. Alituchorea ubaoni kaa, kamba na watoto wa samaki, akatuambia kwamba uwanda wa tope ni chumba cha kulelea watoto hao. Tusiuchimbe, tusiukanyage ovyo, tusichomeke kitu chochote pale. Ni mali ya umma, alisema, na kila mmoja wetu ni mlinzi wake. Nikanyoosha mkono.

"Hata miti?" niliuliza.

"Hata miti, mwanangu," alisema. "Kila kitu na mahali pake."

Nilirudi nyumbani nimejaa aibu. Mama yangu alikuwa akiua samaki, tena kwa mistari iliyonyooka, na hakujua. Sikuthubutu kumwambia. Mchana wa siku ya pili alikwenda Vanga kwenye msiba. Maji yalikuwa yamepwa. Nilishuka uwandani peke yangu nikaanza kung'oa. Kila mche ulitoka na sauti ndogo, kama midomo inayoachana, na chini yake palikuwa na mizizi iliyoanza tu, myeupe, myembamba kama nyuzi. Nililia nilipoiona mizizi ile. Lakini sikuacha. Nilimaliza mistari miwili na nusu, nikaitupa miche kwenye mkondo, nikanawa miguu.

Bwana Misitu alikuja siku iliyofuata pamoja na askari. Alisimama uani kwetu akasema kuharibu mali ya serikali ni jambo la kufikishwa mahakamani Msambweni, na anayejua aseme. Macho yote yalikwenda nyumba ya pili. Na mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimsengenya mtu, akasema, "Aliyelalamika ni Bakari." Wakamwita. "Wallahi sikuigusa," alisema. Askari akamwambia avae shati. Alipoingia ndani kulichukua, mkewe alisimama mlangoni akimtazama mama. Mimi nilikuwa nyuma ya mama nimeshika leso yake. Mzee Bakari alipotoka akifunga vifungo, ndipo sauti ikanitoka: "Ni mimi."

Waliponiuliza nani alinituma, nikasema Bibi Samaki. Bwana Misitu alimpigia simu pale pale, na kesho yake wakakutana uwandani, viatu vikizama, kijiji kizima tumesimama kando tukisikiliza. Bwana Misitu alisema mikoko iko chini ya idara yake. Bibi Samaki akasema miti sawa, lakini hapa hapakuwa na miti, hapa pana samaki. Waliulizana idara hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi, na maji yakaanza kujaa wakiwa bado wanaulizana. Nilikuwa nikingoja mmoja wao anigeukie aniambie nilikosea au nilifanya vyema. Hakuna aliyenigeukia. Kila mmoja alisema ataandikia ofisi yake kuu, wakaondoka, huyu huku, yule kule.

Mama hakunipiga. Alijitanda leso akaenda kwa Mzee Bakari kuomba radhi, na mzee akasema yamekwisha. Lakini sahani za futari zilizokuwa zikivuka ua kila Ramadhani hazikuvuka tena mwaka ule, wala uliofuata. Miche iliyobaki ilifunikwa na makombe madogo ya baharini yaliyoigandia shinani, ikafa yote yenyewe. Siku mche wa mwisho ulipolala, mama alirudi kutoka kuutazama, akawasha moto wa chai. Sikujua nifurahi au nilie.

Sasa naishi Bongwe na watoto wangu, na nakiri mambo yamebadilika. Maafisa wa siku hizi huwauliza kina mama mkoko uliota wapi zamani kabla hawajachomeka hata mbegu moja, na huja pamoja, ramani zikiwa kwenye simu. Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wao huko Diani, juu ya kipande cha msitu wa umma kilichobaki kati ya kuta za nyumba mpya. Walikuwapo wa misitu, wa wanyama na wa ardhi, meza moja, chupa za maji zimepangwa. Walieleza vizuri, kila mmoja sehemu yake. Mwishoni nikasimama, nikawaamkia, nikauliza: nikimwona mtu anakata mti pale kesho asubuhi, nimpigie nani? Wote watatu wakainama, wakaanza kuandika.

Nikakaa. Binti yangu, niliyekuwa nimekwenda naye, akanivuta mkono. "Mama, wamesema nani?"

"Ngoja," nikamwambia. "Wanaandika."