Chapati za Mimba na Kitenge cha Mlangoni

Mwanangu, wewe unayesoma haya, fanya kana kwamba umeketi hapa jikoni kwangu, kwenye kile kigoda kifupi, na mimi nakatakata vitunguu. Sina haraka. Nataka kukueleza namna ya kutengeneza chapati yenye viazi ndani, ile tuliyoipata kwa Wahindi waliokuwa na maduka hapa Uvira. Lakini siwezi kukueleza chapati hiyo bila kukueleza nilivyojifunza, kwa maana nilifundishwa na mtu ambaye, kwa desturi ya nyumbani, sikuruhusiwa hata kumtazama usoni.

Ilikuwa wakati wa vita vya zamani, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana, sijamaliza mwaka tangu kuoa. Kwetu ni Luberizi, kule kwenye mashamba ya mpunga. Risasi zilipoanza kusikika barabarani, mke wangu Mapendo alikuwa na mimba kubwa, nikamleta Uvira kwa mama yake. Nilifikiri nitamfikisha, nitalala siku moja, kisha nitarudi kuangalia mpunga wangu. Njia ikafungwa nyuma yangu. Nikabaki ukweni, mwanamume mzima, bila jembe wala shamba, nikila chakula cha wenyewe na kuchota maji ziwani.

Nikufafanulie jambo moja, maana ninyi vijana wa leo mnakaa na wakwe zenu meza moja, mnachekeana. Zamani kwetu mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kupishana. Mkwe hakuingia jikoni kwa mama mkwe, wala mmoja hakula mbele ya macho ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja alipinda pembeni, akajifanya anaangalia mlima. Sasa, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko dogo la nyuma, utapinda wapi? Mama mkwe akitokea mlango wa mbele, mimi nilitoka mlango wa nyuma. Akija nyuma, nilirudi mbele. Tulikuwa na jirani, Mama Safi, aliyeshuka na watoto wake kutoka Rurambo, kule milimani kwa wafugaji. Yeye alitutazama juu ya ua na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Luberizi," aliniita hivyo, "kwa hii nyumba, ni weye umeolewa?"

Aliyoyasema yalikuwa kweli.

Mapendo akajifungua salama mtoto wa kike. Tukamshukuru Mungu. Lakini baada ya uzazi chakula kikamkataa. Aliletewa ugali, akasema unanuka moshi. Aliletewa uji, akanywa kijiko kimoja akageukia ukutani. Maziwa yakawa haba, na mtoto akalia hadi sauti ikawa nyembamba kama ya paka. Nilisimama nje nikisikia kilio kile, na mwanangu, nakwambia, mlio wa bunduki kule tambarare haukunitisha kama kile kilio.

Asubuhi moja Mapendo akasema kwamba kuna kitu kimoja tu anachoweza kukila. Alitaka chapati za mimba.

Jina hilo ni la kwao nyumbani. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapendo, alipokuwa msichana alifanya kazi ya jikoni kwa familia ya Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mama wa nyumba ile alimfundisha kutengeneza chapati iliyojazwa viazi ndani. Mhindi aliziita parata. Mama Mapendo alipozipika kwake, watoto walipoona zinavyovimba kwenye kikaango, wakaziita chapati za mimba, na jina likabaki. Mapendo alizila kila alipougua utotoni.

Tatizo lilikuwa mkono. Wiki ile Mama Mapendo alikuwa ameteleza kwenye mawe ya mto Mulongwe, watu walipokuwa wakikimbia. Mkono wake wa kulia ulifungwa kwa kitambaa shingoni, hauwezi hata kushika kikombe. Mama Safi alijua maziwa na siagi kuliko mtu yeyote, lakini ngano hakuwahi kuikanda. Na unga wa ngano ndani ya nyumba ulikuwa ule uliojaza bakuli moja. Ukiharibika, hakuna mwingine, kwa sababu maduka yalikuwa yamefunga milango na mpaka wa Burundi vilevile.

Nikasema, kabla sijafikiri, "Mikono yangu iko mizima."

Nikasikia Mama Mapendo akivuta pumzi kule chumbani. Kisha nikasikia msumari ukigongwa. Alikuwa amemwambia mtoto wa Mama Safi atundike kitenge kwenye mlango kati ya chumba na jiko. Kilipotundikwa, akaketi upande wake kwenye mkeka, nami nikaingia upande wangu, jikoni, kwa mara ya kwanza.

"Mukwe wangu," sauti ikasema nyuma ya kitenge.

"Ndiyo, Mama."

"Unanawa?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Aliniambia nitie chumvi kwenye unga, nimimine mafuta kidogo, nisugue kwa vidole mpaka unga ushikane ukiufinya, ndipo nitie maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Nikatia. Nikaanza kukanda. Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa jembe; nilikanda kama ninayevunja udongo mkavu. Siku ile mizinga ilikuwa ikisikika mbali, upande wa kaskazini, na kila iliposikika nilizidisha kasi. Mawazo yangu yalikuwa kwamba nimalize upesi, ale upesi, ili tukilazimika kukimbia awe amekula.

"Acha," ikasema sauti.

Nikaacha.

"Minasikia mikono yako. Unakanda kama muntu mwenye anakimbia."

"Mama, si unasikia kule..."

"Minasikia. Masikio yangu haikuvunjika, ni mukono. Kama ni kukimbia, tutakimbia na bakuli ku kichwa. Lakini bado hatujakimbia. Mu hii nyumba, saa hii, hakuna mwenye anakimbia. Kanda sasa kama muntu mwenye iko kwake."

Kama muntu mwenye iko kwake. Maneno hayo aliniambia mimi, mkwe niliyekuwa nikitafuta mlango wa kutokea tangu siku niliyofika. Nikarudisha mikono kwenye bakuli. Nikasukuma unga kwa kiganja, nikaukunja, nikausukuma tena, taratibu, mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio.

"Sasa funika na kitambaa kyenye maji kidogo, uache. Unga inalalaka. Usipoiacha ilale, itakushindania ukiisukuma."

Unga ukalala. Nikamenya viazi, nikavikatakata vipande vidogo ili viive upesi, nikavichemsha, nikaviponda. Nikachanganya kitunguu kilichokatwa kidogo sana, pilipili, majani ya sileri ya kunukia, na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, niliowakaanga na kuwasaga. Hapo kwenye ndagala Mama Mapendo akacheka kidogo. Alisema yule mama Mhindi hakula samaki kamwe, angetufukuza jikoni sote wawili.

Nikasukuma duara la kwanza kwa chupa tupu ya bia, maana kijiti cha kusukumia hakikuwepo. Mama Safi, aliyekuwa ameleta siagi ya ng'ombe kwenye kikopo, akachungulia.

"Mama Mapendo, mukwe wako iko mu jikoni na chupa. Saa ya asubuhi."

"Iko tupu," nikasema.

"Ndiyo vile wote wanasemaka," akajibu, akaacha kikopo akaenda zake kwa watoto.

Nikaweka viazi katikati, nikakusanya kingo za unga juu yake kama mtu anayefunga mfuko, nikabana, nikageuza, nikasukuma. Ikapasuka. Viazi vikatoka kila upande, vikashika kwenye chupa. Nikajaribu ya pili. Ikapasuka mbaya zaidi. Kule chumbani mtoto akaanza kulia. Nikaangalia bakuli, unga ulikuwa unapungua.

"Mama," nikasema, "haitaki. Nichome chapati ya kawaida, viazi viwe pembeni."

Kisha nikaona kitenge kinatikisika chini, na mkono wake wa kushoto ukatokea chini ya pindo, kiganja wazi, vidole vinatafuta. Ulikuwa mkono mwembamba wenye alama za moto za miaka mingi. Sikujua nifanye nini. Nilikuwa sijawahi kuuona mkono ule kwa karibu.

"Lete donge ya unga," akasema.

Nikaliweka kiganjani. Akalibonyeza kwa kidole gumba, likarudi polepole.

"Unga iko muzuri. Lete viazi."

Nikaweka viazi kidogo. Akabonyeza, akavifinya, akafungua mkono, maji yakang'aa kwenye vidole.

"Ulimenya mbele ya kuchemsha?"

"Ndiyo."

"Ukakatakata?"

"Ndiyo, Mama. Ili viive upesi."

"Upesi tena." Hakukasirika, alisema kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka. "Viazi ikakunywa maji yote. Sikiya, mukwe wangu. Ya ndani na ya inje inapashwa kuwa na ulaini moja. Ya ndani ikiwa maji, inatoboa. Ikiwa ngumu, inapasua. Haiko unga ndiyo mubaya, haiko viazi ndiyo mubaya. Haijafanana tu. Rudisha viazi ku kikaango, moto kidogo, bila mafuta. Geuza mpaka moshi ya maji iishe. Kisha ngoja ipowe."

"Mtoto analia, Mama."

"Minasikia. Ngoja ipowe."

Nikangoja. Sijui kama nimewahi kungoja kitu kwa shida vile. Nilikausha viazi juu ya mbabula, lile jiko la makaa, nikavitandaza kwenye sahani, nikavipepea kwa kifuniko. Vilipopoa nikabonyeza unga kwa kidole kimoja na viazi kwa kidole kingine, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokuwa akisema. Vidole vyangu vyote viwili viliniambia kitu kimoja.

Nikafunga donge, nikaligeuza upande wa mshono ukawa chini, nikalisukuma kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Lilipanuka. Upande mmoja tu ulitoboka kidogo. Nikalichoma kwenye kikaango kikavu, nikaligeuza, ndipo nikapaka siagi ya Mama Safi, na harufu ikapita chini ya kitenge kuliko mimi nilivyoweza kupita.

Nilimpelekea Mapendo mwenyewe, kwa kuzunguka nje. Akainuka kidogo, akaitazama ile chapati, akaigeuza kwenye sahani.

"Nani ametengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Iko na sura ya ramani ya Kongo," akasema. "Tena imepasuka huku upande yetu."

Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu tulipotoka Luberizi. Alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akamega, akala. Akamega tena. Akamaliza, akauliza kama iko nyingine. Nikakimbia kurudi jikoni, na hapo, mwanangu, nakiri Mama Mapendo hakunikataza kukimbia.

Jioni mtoto alinyonya mpaka akalala chuchu ikiwa mdomoni.

Zilikuwa zimebaki mbili. Moja niliiweka kwenye sahani, nikaisukuma chini ya kitenge bila kusema neno. Nyingine nikala upande wangu. Nikasikia akitafuna, naye bila shaka alinisikia. Hatukuwa tumekula pamoja kamwe, na hata siku ile sijui kama unaweza kuita vile kula pamoja, kitenge kikiwa katikati. Lakini baada ya muda sauti yake ikaja, tulivu.

"Chumvi imepungua kidogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Sijawahi kupata asante nzuri kuliko ile.

Kesho yake kitenge kilishushwa, kwa sababu kilihitajika kumbeba mtoto mgongoni. Mama Mapendo hakutafuta kingine. Aliketi mlangoni palepale akanipa mgongo, akaendelea kunifundisha hivyo, akitazama ukuta. Tuliishi vile mpaka njia ilipofunguka, na hata nilipokuwa nimerudi kwenye mpunga wangu, kila niliposhuka Uvira nilibeba unga, naye aliniuliza kwanza kama nimenawa. Vita havikuisha kwa ajili ya chapati. Vilirudi, vikaenda, vikarudi. Lakini nyumba ile sikuitafutia tena mlango wa kutokea. Yule mtoto sasa ana wajukuu, na tumbo lake halijui kukataa chakula.

Sasa nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Kuna hatari nyingi ambazo huwezi kuzizuia, mwanangu. Zikija utakimbia, na hakuna aibu. Lakini usianze kukimbia ukiwa bado umeketi. Mpe mgonjwa wako, mtoto wako, kazi ya mikono yako, muda wake wote, maana haraka yako ndiyo inayotia maji kwenye viazi. Na ukiingia katika nyumba ya watu, iwe kwa ndoa au kwa sababu barabara imefungwa, usikate tamaa upesi kwamba hamuwezani. Labda hakuna aliye mbaya kati yenu. Labda hamjafanana ulaini tu. Jibonyeze wewe kwanza, kisha umbonyeze mwenzako taratibu, na ukiona unamzidi ugumu au anakuzidi, subiri juu ya moto mdogo. Na mtu anayejua akikunyooshea mkono chini ya pazia, mwekee unga wako kiganjani, hata kama umeharibika.

Mungu akupe nyumba yenye sauti ya mtu anayekusahihisha. Akupe mtoto anayeshiba, na jirani anayekucheka huku ameshika kikopo cha siagi. Popote barabara itakapokufungia, upate kuwa kama mtu aliye kwake.

Basi, nawa mikono. Nawa tena. Kanda unga wako, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu, uuache ulale. Ndipo uweke viazi vizima jikoni, pamoja na maganda yake, na usivimenye mpaka viive.