Meno ya Kompyuta

Leo nimesifiwa kwa meno ambayo sina.

Mnajua niko mapokezi kwenye hoteli, hapa hapa Juba. Asubuhi akaja mpiga picha wa tangazo letu. Nikasimama, nikatabasamu.

Akashusha kamera. "Dada, hebu tabasamu ukiwa umefunga mdomo."

Meno yangu ya chini ya mbele yaling'olewa nikiwa mdogo, kama ya mama, kama ya nyanya. Kwetu hilo ndilo tabasamu la msichana mrembo. Nikamwambia hivi ndivyo ninavyocheka.

Akainua kamera tena, akapiga. Nikadhani nimeshinda.

Mchana picha ikatoka kwenye ukurasa wa hoteli. Ni mimi, lakini pengo limejaa meno meupe, yamepangwa kama ya mtangazaji wa TV. Wamenijazia kwa kompyuta!

Na huko kwenye maoni, wueh! "Huyu dada ana tabasamu la kuua!" "Nipeni namba yake!"

Nikaenda kwa meneja, nikamwomba aitoe.

"Si umependeza? Ona vile watu wamekupenda."

"Wamempenda nani?"

Akacheka, akidhani ninatania. Picha bado iko.

Jioni hii mama ameiona kwenye simu ya dada yangu. Ameitazama kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeketi kando yake kabisa.

"De munu?" akauliza. Huyu ni nani?

Sijamjibu mpaka sasa. Nyinyi mngemwambia nini?