Kibofu Kijae Kwanza

Wifi yangu, mke wa kaka, alikakamaa kwenye benchi la kliniki moja ya Kariakoo, macho yakageuka juu, na kilichomwangusha ni maji. Hayakuwa machafu wala hayakutiwa kitu. Yalikuwa maji safi ya chupa. Yalikuwa mengi tu.

Nirudi asubuhi. Tumbo la chini lilikuwa likimuuma tangu mwezi wa mfungo, na daktari alitaka picha ya ultrasaundi kabla ya kuamua kama atampa dawa au atatoa kizazi. Wifi alikuwa hajazaa. Kwa hiyo tulitoka Magomeni mapema, yeye akiwa na chai ya rangi tu tumboni.

Kliniki iko ghorofani, juu ya maduka ya vitenge. Mtaalamu wa picha huja Jumamosi tu. Benchi lina sheria yake: unakunywa maji mpaka kibofu kijae, unajizuia, unaitwa. Ukienda chooni, unarudi mwisho wa foleni.

"Umebanwa?" muuguzi alimuuliza wifi mlangoni.

"Kidogo."

"Kidogo hakitoshi, dada. Ongeza maji. Kibofu kisipojaa, kizazi hakionekani."

Mama mmoja mwenye baibui aliminya magoti. "Mimi nimebanwa mpaka meno yanauma."

"Jikaze, mwenzangu," alisema mama wa Kichaga aliyemfuata. "Ukishindwa utanikuta mbele yako."

"Usinichekeshe, nitaaibika!"

Benchi zima lilicheka, kila mtu ameshika tumbo.

Zamu ya wifi ilipokaribia, umeme ulikatika. Alijizuia mpaka machozi yakamtoka, kisha akakimbilia chooni. Akarudi mwisho, akafungua chupa nyingine. Umeme uliporudi, aliletwa mjamzito anayetoka damu, akapitishwa mbele, kama ilivyo haki. Wifi akashindwa tena kujizuia. Safari hii alikunywa bila kupumzika, ili kijae haraka.

"Wifi, twende nyumbani," nilimwambia.

"Niende vipi? Nimekunywa bahari nzima. Siondoki mikono mitupu."

Dirisha lilikuwa na nondo. Kwenye ngazi wapagazi walikuwa wakipandisha marobota, na ili kushuka ungelazimika kuwasubiri. Nilikaa. Alikaa. Hatukuwa tumefungwa na mtu, lakini hakuna aliyeweza kunyanyuka.

Kichwa kikaanza kumgonga. Akatapika maji matupu.

"Hajala huyu, na joto hili," alisema mama wa baibui. "Amekaukiwa. Mpeni maji."

Chupa zikatoka kwenye mikoba, kwa huruma ya kweli, naye akanywa. Baada ya hapo alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Mama," aliniita, "funga bomba."

Hapakuwa na bomba. Ndipo alipokakamaa.

Wapagazi walibana marobota ukutani, tukamshusha mikononi. Hospitali walimpima damu. Daktari alitueleza kwamba maji yale yote, kwa saa chache, yalikuwa yameizimua chumvi ya damu, na ubongo ukaanza kuvimba. Akawekewa dripu ya maji ya chumvi kali, kwa kipimo kidogo kidogo, na akapigwa marufuku kunywa.

Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa maji.

"Niibie hata funda moja, wifi. Midomo imepasuka."

Chupa yake iliyobaki ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kitanda. Niliusukuma mkoba kwa mguu, mbali zaidi, huku nikimshika mkono.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa wodini alitwambia kipo kipimo kingine, cha kupitia ukeni, kisichohitaji kibofu kujaa. Wifi aliona aibu, akasema atafikiria. Akiona glasi iliyojaa, hugeuza uso. Dawa humeza kwa uji. Tumbo bado linamuuma, na daktari bado anasubiri picha. Kama kizazi kitabaki au kitatolewa, hakuna anayejua.