Wanjiku Wawili wa Mzee Mwangi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya misheni hapa Nyeri, Meneja wa Kompyuta alinipokea kwa swali. "Unajua kupiga chapa ama unajua kufikiri?" Nikamwambia najua yote mawili. Akacheka, akanionyesha kiti kilichovunjika mgongo.

Miaka hiyo ya tisini programu yetu iliweka kila faili peke yake: ya wodi haikujua ya famasi. Meneja alitaka tuiongezee hifadhidata ya kihusiano, ile inayopanga habari kwenye majedwali na kuyaunganisha kwa kitu kimoja ambacho yote yanacho. Kuivunja programu nzima hatukuthubutu. Tukaandika plagini, yaani kipande unachokichomeka ubavuni, nayo programu ikaendelea na shughuli zake. Jamani, niliipenda kazi hiyo!

Tulichobishania ni kile kiungo. Meneja alitaka jina la mgonjwa na la baba yake; mimi nilitaka nambari iliyo kwenye kadi ya hospitali.

"Kadi ya nambari mtu anawacha nyumbani," alisema. "Lakini jina yake, ati atasahau?"

Mimi niliguna. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Baba yangu, Mzee Mwangi, alioa wake wawili, na kila mmoja alikuwa na binti wake wa kwanza. Basi sisi sote wawili ni Wanjiku Mwangi. Mimi penisilini hainidhuru. Dada yangu akidungwa, koo linavimba hadi anakosa pumzi, na wiki ile ya kuanza plagini alikuwa anakuja hospitalini kwetu kujifungua kwa upasuaji.

Niliogopa, nasema kweli. Nikaingiza rekodi zetu zote mbili, kisha nikamwita Meneja.

"Mzee, hebu nitafutie dada yangu."

Akaandika jina. Skrini ikaleta rekodi moja tu, ile ya kwanza yenye jina hilo: hakuna dawa inayomdhuru.

"Si huyu yuko sawa?"

"Huyo ni mimi."

Akaandika tena. Nikatokea tena. Akavua miwani. Alikuwa mtu wa kabila letu, wa Kiriaini, na baba yake pia alikuwa na wake wawili.

"Ngai! Hata mimi na ndugu yangu ni Kamau wote," akasema. "Toa hiyo jina. Weka nambari."

Sasa nimestaafu. Nikienda kliniki, msichana wa dirishani huniita nyanya kwa lugha yetu, "Cucu, unaitwa nani?" Mimi humpa nambari kwanza. Nyuma yangu kwenye foleni, akilalamika kuwa nachelewesha watu, husimama yule Wanjiku Mwangi mwingine.