Muuaji Anayepiga Hodi

Jamani, leo nimemlilia muuaji.

Nlikwenda na mama mkubwa, Bi Salma, kwenye onyesho la wanawake la mchana. Filamu ya Kizungu, nyeusi na nyeupe. Kwa kuwa nimesoma skuli, nikawa nnamfasiria sikioni.

"Yule mwenye kovu ndiye muuaji."

"Muuaji gani anapiga hodi?"

Kweli! Jitu lile, na macho yake ya kutisha, kila nyumba linagonga, linavua kofia, linangoja kukaribishwa.

Kisha ndiyo linaua.

Akaja askari, shujaa mwenyewe. Mlango akaupiga teke.

Ukumbi mzima ukaguna. "Hata hodi?"

"Huyo ndiye jambazi," akasema Bi Salma. "Wewe Kizungu hukijui."

Nikaapa nnakijua. Mabuibui ya safu ya mbele yote yakanigeukia: "Shhh!"

Basi muuaji alipopigwa risasi, kila upande nnasikia "Innalillahi", pua zinavutwa. Na mimi machozi hayo! Mpaka sasa sijui nlikuwa nnalia nini.

Nyie mliokuwapo, niambieni: jambazi alikuwa yupi?

Maana tulipofika kwake Bububu, mimi nlitangulia. Nikasukuma mlango, nikaingia moja kwa moja, nna hamu ya kuwahadithia waliobaki.

Nyuma yangu nikasikia, "Hodi!"

Nikageuka. Bi Salma kasimama nje ya nyumba yake mwenyewe, ananitazama.

"Haya, askari," akasema. "Nikaribishe basi."