Kisanduku Kisichokuwa na Besi

Mke wangu alipofariki, nyumba yetu ya Butimba ilinyamaza, kama inavyotakiwa kwenye nyumba yenye msiba. Mashine zangu za muziki zilibaki kwenye kabati la sebuleni, zimefunikwa kitambaa alichokidarizi yeye mwenyewe. Sijui nyumba ya hapa kwetu isiyo na vitambaa vya namna hiyo juu ya redio na televisheni. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekitoa kabla sijawasha, na ndiye aliyekirudisha nikishazima. Mimi sikuwahi kukigusa.

Baada ya misa ya mwaka nikaona sasa naweza kuwasha. Nilikuwa na kanda moja ya mazoezi ya kwaya, niliyoirekodi zamani kanisani, na hiyo ndiyo pekee yenye sauti yake. Watoto wetu, ambao wote wanaishi mbali, walishanisihi niipeleke mjini ihamishiwe kwenye simu. Nilikataa. Niliogopa kuitoa mkononi mwangu, isije ikapotea au kutafunwa na mashine ya mtu.

Jumapili moja mchana niliwasha, kitambaa kikiwa palepale juu. Sikukisahau. Nilishindwa kukitoa, maana haikuwa kazi yangu. Najua ni upumbavu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikaenda jikoni kuchemsha chai wakati mashine zikipata moto, nikakaa huko zaidi ya nilivyopaswa. Harufu ndiyo iliyonirudisha sebuleni.

Fundi niliyempelekea mashine zote ni mama wa makamo mwenye kibanda Nyamagana, karibu na soko. Alifungua, akanusa, akanitazama.

“Baba, hii hujaiharibu,” akasema. “Umeipika.”

Kisha akanieleza kwa upole. Deki ya kanda ilikuwa nzima, na amplifaya kubwa nayo nzima. Kilichoungua ni priamplifaya, kile kisanduku cha katikati kinachopokea sauti changa kutoka kwenye deki na kuikuza kidogo kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya. Matundu yake ya hewa yalizibwa na kitambaa, transfoma ikaungua na kuondoka na bodi. Kutengeneza kungekuwa ghali kuliko kununua kingine. Nikamwambia ukweli kwamba uwezo wangu ni mdogo, na kwamba ninachotaka kusikia ni kanda moja tu.

“Basi rudi nyumbani na deki yako, siku nyingine uje nayo pamoja na hiyo kanda,” akasema. “Kisanduku usikichague kwa macho, kichague kwa masikio.”

Nilirudi Jumanne na deki, nikiwa nimeipakata kwenye bajaji, na kanda ikiwa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameniwekea visanduku vitatu mezani. Kabla ya chochote alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akajaribu kwa kanda yake mbovu, akanionyesha kwamba haitafuni. Hapo ndipo nilipomkabidhi ya kwangu.

Cha kwanza kilikuwa kipya, chenye taa za rangi na bluutuu. Kwaya ilitoka kama imefungiwa ndani ya pipa. Besi ilikuwa nyingi hata ukiipunguza mpaka mwisho. Cha pili kilikuwa cha mtumba kutoka Japani, kizito na kizuri, ndugu kabisa wa kile nilichokiunguza. Nilikitamani. Lakini kilihitaji transfoma yake ya kupunguza umeme, na upande wa kulia ulikuwa ukipotea na kurudi. Fundi hakunificha. Alisema nikikichukua tutaonana kila mwezi, na yeye atafurahi ila mimi sitafurahi.

Cha tatu kilikuwa kidogo, cheusi, kina kitufe kimoja cha sauti na hakina taa.

“Hiki hakina besi, baba. Wateja wangu hukirudisha.”

Akachomeka waya, nyekundu na nyeupe, akarudisha kanda nyuma mpaka mwanzo kabisa. Nyumbani sikuwahi kuanza pale. Siku zote niliipeleka mbele mpaka wimbo unapoanza, na besi nikaifungua yote, kama kila mtu mtaani kwetu.

Kwanza nilisikia kanisa. Sijui niseme vipi. Ilikuwa nafasi tu, ukubwa wa jengo, benchi likisogezwa, mtu akikohoa mbali. Niliona hata upande mlango ulipokuwa. Kisha, karibu kabisa na mashine, kwa sauti ya kawaida, ile ya jikoni, mke wangu akauliza:

“Baba watoto ameshakaa?”

Mtu akamjibu kwamba ameshakaa.

“Haya, tuanze.”

Wakaimba. Msibani nilikuwa nimewaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiibeba kwaya ile. Si kweli. Sauti yake ilikuwa ndogo, upande wa kushoto, chini ya wengine, na katikati ya ubeti ilikatika akavuta pumzi. Nilisikia pumzi ile inaingia.

Miaka ile yote niliamini kwamba nikiingia kanisani kwa kuchelewa na kukaa benchi la nyuma, hakuna anayejua kama nipo. Mara nyingine nilibonyeza kitufe cha kurekodi nikatoka nje kupiga soga. Siku ile nilikaa, kanda yenyewe inasema. Siku nyingine ambazo hazikurekodiwa, siwezi kujua aliuliza mara ngapi, wala alijibiwa nini.

Niligundua kwamba nimesimama na nimevua kofia. Fundi naye alikuwa ameweka chini chuma chake cha kuchomelea.

“Ndiye?” akauliza.

“Ndiye.”

Wimbo ukaisha. Alinyoosha mkono kuzima, nikamwomba aache. Hakuna wimbo mwingine upande ule wa kanda, kuna watu wanaokusanya vitabu na kuagana tu. Tulisikiliza mpaka mlango wa kanisa ulipofungwa.