Wimbo Alioukataza Lotukoi

Ilikuwa mwaka wa 1983 Nakaale alipofariki. Hapana, si huo. Mwaka wa 1983 bado mbuzi walikuwa wanaonekana Bulapesa. Ni 1984, ule mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, nyasi zikiwa zimekwisha kutoka Isiolo mjini mpaka Kipsing.

Alikufa akijifungua. Akamwachia mumewe Lotukoi binti mchanga, Everline, na ng'ombe mmoja. Wale wengine kumi na mmoja walikuwa wameshaliwa na ukame, na Lotukoi, mzee wa kanisa, hakuna aliyemsikia akilalamika. Kila alfajiri alikwenda kugonga ringi ya gurudumu la lori, ambayo ndiyo ilikuwa kengele ya kanisa, kisha akapiga magoti na kusema, "Baba, leo pia tupo." Basi, sala ilikuwa hiyo tu, na ilimshikilia wima mpaka jioni.

Mama mmoja wa kanisani alimnyonyesha mtoto siku nne, halafu njaa ikamkausha na yeye. Yakabaki maziwa ya yule ng'ombe, yachanganywe na maji yaliyochemka. Lakini ndama wake alikuwa amekufa juma lile lile, na ng'ombe akagoma. Wanawake wawili walijaribu kumkama, akawapiga mateke. Alizoea mikono ya Nakaale tu.

Lotukoi akafanya kama wafugaji wanavyofanya. Akaichuna ngozi ya ndama, akaijaza majani makavu, akaipaka chumvi, akaisimamisha mbele ya mama yake ili adhani ndama bado yupo. Ng'ombe akailamba. Lotukoi akachutama na kibuyu, yeye ambaye hajawahi kukama maisha yake yote, maana kwa Waturkana hiyo ni kazi ya wanawake.

"Salaam aleikum, mzee," Dahabo, jirani yake Mborana, akasema kutoka ng'ambo ya ua wa miiba. "Unamkama ama unampima mguu?"

"Habari, Mama Wario. Huyu amenikataa."

"Hata mimi ningekukataa. Unamvuta kama kamba ya kisima."

"Basi njoo wewe."

"Nilikuja jana, umesahau? Mguu bado unauma."

Lotukoi akaona labda ng'ombe anataka kubembelezwa. Akaanza wimbo wa kanisa, ule wa shukrani, kwa sauti ya kuongoza kwaya. Alipofika ubeti wa pili kibuyu kilikuwa kimerushwa mpaka kwenye ua. Dahabo akacheka mpaka akakaa chini. Ndani ya nyumba mtoto akalia, kilio chembamba kisicho na nguvu, na Dahabo akainuka.

"Mzee, mwimbie ule wa Nakaale."

"Nakaale alikuwa anaimba za kanisa."

"Za kanisa aliimba ukiwa hapa."

Lotukoi akabaki amechutama vile vile. Walipobatizwa, mwaka wa 1972, alimwambia mkewe kwamba nyimbo za ng'ombe ni za maisha yale ya zamani, ziachwe nje ya boma. Aliamini ubatizo ndivyo unavyotaka. Nakaale alijibu, "Sawa," na Lotukoi hakuusikia tena wimbo wa namna hiyo mpaka anamzika.

"Miaka yote hiyo," Dahabo akasema polepole. "Wewe ukianza kugonga chuma chako huko, yeye anaanza hapa. Mimi ndiyo ilikuwa inaniamsha niswali."

"Huo wimbo ulikuwa unasema nini?"

"Kiturkana chenu nakijua kidogo tu. Jina la ng'ombe, jina la mama yake, visima alivyonywea. Halafu mwisho, Akuj, Akuj, mara nyingi. Hilo nalijua. Ni Mungu."

Lotukoi akasimama, akaenda kanisani, ingawa haikuwa saa ya kengele. Alikaa huko kidogo. Aliyosema huko hakumwambia mtu, ila aliporudi magoti yalikuwa na vumbi na macho mekundu. "Nifundishe," akamwambia Dahabo.

Mama wa Kiislamu akamfundisha wimbo wa mkewe, ua wa miiba ukiwa kati yao, yeye akikosea maneno mengine, Lotukoi akiyanyoosha mwenyewe kwa kuyajua majina ya visima. Akachutama tena. Sauti yake ilikwaruza. Kwenye jina la Mungu ilikatika, akaanza upya. Ng'ombe akageuza sikio. Kwanza yakaja matone, kisha maziwa yakashuka yakipiga ndani ya kibuyu, na Dahabo akamleta mtoto na kitambaa safi cha kuchovya kwenye maziwa anyonye.

Everline aliishi. Mvua ilipokuja mwaka uliofuata alikuwa anatambaa. Waumini walizoea kengele kuchelewa, kwa sababu mzee wao alianza kwa ng'ombe, na sala yake fupi sasa aliisema akiwa amechutama pale, "Baba, leo pia tupo," halafu wimbo.

Mchungaji M'Ikiara alipomtembelea, Lotukoi alimweleza yote, wakinywa chai ya maziwa hayo hayo. Kisha akamwuliza jambo. Mchungaji aliishika mikono yake, akamwombea tu. Alimwuliza Dahabo, naye akajifanya anatafuta mbuzi wake. Aliwauliza wahubiri waliopita njia, mmoja baada ya mwingine, swali lile lile: "Nakaale, huko aliko, sasa anaimba kwa sauti, ama bado anangoja nitoke nikagonge kengele?"